Kivinjari cha bure na deni linaloiva mwaka 2029

Wenye hisa wa mabenki, makampuni ya bima na viwanda wamezoea kukuta katika hesabu za mwaka madeni ya mikopo, ya wagavi na ya kodi. Liko deni jingine ambalo haliandikwi mahali popote katika mizania. Nalo ni lile la mifumo ya kompyuta iliyojengwa miaka ya 1990 na 2000 ili itumike ndani ya kivinjari kimoja tu, Internet Explorer cha Microsoft.

Kivinjari hicho kilifungwa moja kwa moja katika kompyuta nyingi za Windows 10 tarehe 14 Februari 2023. Mifumo iliyojengwa juu yake haikufungwa. Katika makampuni makubwa mengi duniani bado inalipa mishahara, inatoa ankara, inapokea madai ya bima na kuhesabu mali iliyomo ghalani. Inafanya hivyo kwa kubebwa mgongoni na kivinjari kipya, Edge, kwa utaratibu ambao Microsoft imeahidi kuudumisha hadi angalau mwaka 2029, na kutoa taarifa ya mwaka mmoja kabla ya kuuondoa.

Mwekezaji mdogo hana budi kuisoma ahadi hiyo kama anavyosoma hati fungani. Yupo mdai, yupo mdaiwa, na ipo tarehe ya kuiva. Tofauti ni kwamba hati fungani hutajwa katika taarifa za kampuni na deni hili halitajwi, na mara nyingi hata wakurugenzi wenyewe hawajui ukubwa wake.

BURE ILIYOKUJA KUWA GHALI

Chanzo cha deni hili ni biashara ya kawaida kabisa ya kugombea soko. Tarehe 9 Agosti 1995 kampuni ya Netscape, iliyokuwa ikitengeneza kivinjari kilichopendwa kuliko vyote wakati huo, iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 28. Jioni ya siku hiyo hisa moja ilifunga kwa dola 58.25. Mwezi huo huo Microsoft ilitoa Internet Explorer, na baadaye ikakigawa bure pamoja na Windows. Netscape, iliyokuwa ikiyauzia makampuni kivinjari chake, haikuweza kushindana na bei ya sifuri. Januari 1998 nayo ilitangaza kukitoa bure, na kabla ya mwaka huo kwisha ilikubali kununuliwa na America Online. Serikali ya Marekani na majimbo kadhaa yaliishitaki Microsoft mwezi Mei 1998 kwa kuhodhi soko, lakini hadi kesi inasikilizwa ushindani ulikuwa umekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Internet Explorer kilishika zaidi ya asilimia 90 ya soko.

Kwa meneja wa wakati ule uamuzi wa kufuata upepo ulikuwa na akili ndani yake. Kabla ya hapo kila programu ilibidi iwekwe kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, tawi kwa tawi, na kila ilipobadilishwa fundi alianza safari upya. Mfumo uliowekwa kwenye kompyuta kuu moja na kufunguliwa na wafanyakazi wote kwa kivinjari uliokoa fedha na muda. Na kwa kuwa kivinjari kilikuwa kimoja, tena cha bure, ilionekana ni kupoteza fedha kumlipa fundi ajaribu mfumo katika vivinjari vingine.

Kosa liliingia katika vikorombwezo. Mwaka 1996 Microsoft ilileta ActiveX, teknolojia iliyouruhusu ukurasa wa tovuti kuingia ndani ya kompyuta na kushika faili, printa na kisoma kadi. Ilikuwa raha kwa mafundi, lakini ilifanya kazi katika Internet Explorer peke yake. Kisha toleo la 6 likatoka Agosti 2001, na toleo la 7 halikuonekana hadi Oktoba 2006. Katika miaka hiyo mitano bila mabadiliko makampuni mengi yalijenga mifumo yao mikubwa, yakiamini kwamba kivinjari ni kama sakafu ya nyumba, hakihami.

Kilihama. Firefox kilitoka Novemba 2004 na Chrome kikafuata Septemba 2008. Januari 2010 ilibainika kwamba wavamizi walioshambulia Google na makampuni mengine walitumia tundu lililokuwamo katika Internet Explorer, na asasi za usalama wa kompyuta za serikali za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi watumie vivinjari vingine kwa muda. Mwananchi wa kawaida aliweza kuhama siku hiyo hiyo. Kampuni yenye wafanyakazi elfu kumi na mifumo mia mbili haikuweza. Hivyo likazuka jambo ambalo karani yeyote wa ofisi kubwa analijua: kompyuta moja yenye vivinjari viwili, kimoja cha dunia na kingine cha kazi.

KOREA KUSINI NA AFRIKA KUSINI

Asiyeamini kwamba kivinjari kinaweza kulifunga taifa zima na atazame Korea Kusini. Miaka ya 1990 sheria za Marekani zilizuia kusafirisha nje usimbaji wenye nguvu, na vivinjari vilivyouzwa nchi za nje vilikuwa na kinga dhaifu. Wakorea walijitengenezea usimbaji wao, SEED, na sheria ya mwaka 1999 ikaweka vyeti rasmi vya sahihi za kompyuta. Kwa kuwa vivinjari havikuujua usimbaji huo, mabenki na maduka yaliupachika kwa ActiveX. Hatua iliyokuwa ya busara mwaka 1999 ikageuka kuwa kufuli. Kwa zaidi ya muongo mmoja Mkorea aliyetaka kulipa kwa mtandao alilazimika kuwa na Windows na Internet Explorer.

Machi 2014 Rais Park Geun-hye alilalamika hadharani kwamba wageni walioona koti katika tamthilia maarufu ya televisheni walishindwa kulinunua katika maduka ya mtandao ya Korea kwa sababu ya masharti hayo. Mteja alikuwepo, fedha alikuwa nazo, bidhaa ilikuwepo, na biashara haikufanyika. Hadhi ya pekee ya vyeti vile iliondolewa kisheria Desemba 2020, miaka 21 baada ya sheria ya kwanza.

Afrika nayo ina mfano wake. Adobe ilitangaza Julai 2017 kwamba programu ya Flash itakoma mwisho wa mwaka 2020. Taarifa hiyo ilikuwa ya miaka mitatu na nusu. Hata hivyo, Januari 2021 ilipofika, Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa bado na fomu za kodi zinazotegemea Flash, nazo hazikufunguka tena katika vivinjari vya kawaida. SARS ikalazimika kutoa kivinjari chake yenyewe, cha kufungulia tovuti zake, na kwa kompyuta za Windows tu. Mlipakodi aliyekuwa tayari kulipa akawa na kazi ya ziada ya kupakua kivinjari kizima kwa ajili ya fomu chache.

Mifano hii miwili inaonyesha nani hubeba gharama kwanza. Si mwenye mfumo. Ni mfanyabiashara aliye upande wa pili wa dirisha, yule anayeambiwa "mtandao unasumbua, njoo kesho", wakati mzigo wake uko bandarini na siku za ghala zinahesabiwa. Hasara yake haiingii katika kitabu cha yeyote isipokuwa chake.

BEI YA KUCHELEWA

Wako wanaosema kwamba mfumo unaofanya kazi usiguswe. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kuuacha ulivyo kungekuwa bure. Bei zake zinajulikana.

Windows XP ilipofikia mwisho wa matengenezo tarehe 8 Aprili 2014, serikali ya Uingereza ililipa takriban pauni milioni 5.5 ili ofisi zake zipate matengenezo kwa mwaka mmoja zaidi. Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, na shirika linalotaka kuendelea nayo linalipa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, dola 122 mwaka wa pili na dola 244 mwaka wa tatu. Kampuni yenye kompyuta 1,000 italipa jumla ya dola 427,000 kwa miaka mitatu, na baada ya hapo itakuwa na kompyuta zile zile, zilizozeeka zaidi. Kinachoudhi zaidi ni kwamba kampuni inayolipa fedha hizo kwa kisingizio cha mfumo wa Internet Explorer inapoteza tu, kwa sababu Edge ya Windows 11 nayo inaifungua mifumo hiyo.

Java ni hesabu nyingine. Mifumo mingi ya uhasibu na ya mabenki ilikuwa ikiendeshwa kwa vijiprogramu vya Java ndani ya kivinjari. Chrome kiliacha kuvipokea kabisa mwaka 2015 na Firefox mwaka 2017. Januari 2023 kampuni ya Oracle ilibadili utaratibu wa malipo ya Java yake, ikaanza kutoza kwa idadi ya wafanyakazi wote na siyo kwa wanaoitumia. Bei ya orodha kwa kampuni yenye wafanyakazi chini ya 1,000 ni dola 15 kwa mfanyakazi kwa mwezi. Kampuni ya watu 800 italipa dola 144,000 kwa mwaka hata kama wanaoufungua mfumo huo ni wahasibu kumi na wawili, na mlinzi wa getini amehesabiwa humo. Yapo matoleo ya Java yasiyo ya Oracle ambayo hayatozwi, na kampuni inayojua ni mfumo gani unatumia nini inaweza kuangalia kama yanaufaa. Isiyojua hulipa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wafanyabiashara wana msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Gharama kubwa ya mifumo mikongwe haitokani na uzee wake. Inatokana na kutoandikwa: aliyeijenga amestaafu, muuzaji wake amefunga duka, na anayejua namna inavyofanya kazi ni karani mmoja ambaye kila mwezi wa funga hesabu haruhusiwi likizo.

EDGE NA DAFTARI LAKE

Utaratibu wa sasa wa Microsoft, kwa bahati nzuri, hauwezi kufanya kazi bila daftari. Edge ya sasa, iliyotoka Januari 2020, imejengwa juu ya Chromium, msingi ule ule unaokibeba Chrome. Lakini ndani ya Windows imebakizwa injini ya Internet Explorer 11. Kampuni huandika orodha ya anwani za mifumo yake ya zamani, na kila mfanyakazi anapofungua anwani iliyomo katika orodha, Edge hukabidhi kazi kwa injini ya zamani. Anwani isiyomo hufunguliwa kwa injini mpya. Orodha inaweza hata kueleza kwamba mfumo fulani ufunguliwe kana kwamba ni mwaka wa toleo la 7 au la 8.

Orodha ikiandikwa vibaya, kazi husimama. Tatizo la kawaida ni ukurasa wa kuingilia: mfumo umeandikwa katika orodha lakini ukurasa wa nywila haukuandikwa ipasavyo, na injini mbili hazielewani, hivyo mfanyakazi anaingiza nywila, anarudishwa mlangoni, anaingiza tena. Mfanyakazi anaweza kujiongezea anwani mwenyewe pale kampuni inaporuhusu, lakini hudumu siku 30 tu kisha hufutika. Ofisi inayotegemea njia hiyo itakuwa na kelele kila mwisho wa mwezi.

Usalama nao haujapona. Agosti 2025 Microsoft ilipata taarifa kwamba wahalifu walikuwa wakiwadanganya watumiaji wafungue kurasa zao kwa injini ya zamani, kisha wanapenya kupitia matundu yake. Kufikia Oktoba 2025 kampuni hiyo iliondoa vitufe vya njia ya mkato vilivyomruhusu mtu wa kawaida kubadili injini kwa urahisi. Mashirika yanayotumia orodha rasmi hayakuguswa. Funzo ni kwamba orodha fupi, iliyoandikwa kwa uangalifu, ndiyo kinga, na orodha iliyojazwa kila kitu "ili watu wasilalamike" ni mlango ulioachwa wazi.

Aidha, siyo sehemu zote za mifumo ya zamani zinangojea mwaka 2029. Lugha ya VBScript, ambayo kurasa nyingi za ofisi ziliandikwa kwayo, ilitangazwa Oktoba 2023 kuwa imo katika safari ya kuondolewa ndani ya Windows. Silverlight ilikoma Oktoba 2021. Kampuni inayodhani ina muda mpaka 2029 inaweza kukuta baadhi ya mifumo yake ina muda mfupi zaidi.

HARAKA NAYO INA BEI

Hata hivyo, itakuwa makosa kwa wenye hisa kupiga kelele kwamba kila kilicho cha zamani kitupwe mara moja. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kwenda mfumo mpya Aprili 2018. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao kwa vipindi mbalimbali, uhamisho huo uliigharimu benki takriban pauni milioni 330 mwaka huo, mkurugenzi mkuu aliondoka Septemba, na Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Ule ulikuwa ni mfumo mkuu wa benki na siyo suala la kivinjari, lakini somo ni moja: anayehama usiku bila kuhesabu vyombo huvunja vingi.

Kwa hiyo utaratibu wa Edge usidharauliwe. Unanunua muda, na muda ni mtaji kama mtaji mwingine. Mfumo unaofunguliwa na watu watano mara moja kwa mwaka hauna sababu ya kujengwa upya kwa mamilioni. Unaweza kuachwa katika orodha, au kuwekwa kwenye kompyuta moja iliyotengwa na mtandao wa nje, kisha kumbukumbu zake zikahamishwa polepole. Mfumo unaogusa wateja kila siku ni jambo jingine. Huo ujengwe upya kwa namna isiyotegemea kivinjari cha kampuni yoyote, na kazi ianze sasa, kwa sababu mradi wa namna hiyo katika shirika kubwa huchukua miaka.

Meneja wa kulaumiwa ni yule aliyeununua muda kisha akalala nao. Orodha yake ya mwaka 2022 ilikuwa na anwani 80, leo ina 95, na hakuna hata moja iliyowekewa tarehe ya kuondoka. Hiyo ni sawa na mkopaji anayeongeza mkopo huku akijisifu kwamba marejesho hayajaanza.

MASWALI YA MKUTANO MKUU

Mwenye hisa mia mbili hawezi kuingia katika chumba cha kompyuta cha benki. Lakini anaweza kusimama katika mkutano mkuu wa mwaka, na ana haki ya kujibiwa. Maswali manne yanatosha.

Kwanza, ni mifumo mingapi ya kampuni ambayo bado inahitaji injini ya Internet Explorer, na idadi hiyo ilikuwa ngapi mwaka jana? Bodi isiyoweza kutaja namba haina daftari. Pili, kati ya hiyo, ni mingapi inayogusa wateja au wagavi moja kwa moja? Tatu, kila mmoja una tarehe gani ya kuondoka katika orodha, na fedha zake zimo katika bajeti ya mwaka gani? Nne, ni kiasi gani kinacholipwa kila mwaka kwa ajili ya kuiweka hai mifumo ya zamani, yaani leseni, matengenezo ya nyongeza na mafundi wa nje?

Majibu ya maswali haya yatasema mengi kuliko kurasa za rangi zenye picha za wafanyakazi wanaotabasamu mbele ya kompyuta mpya. Kampuni ambayo idadi yake inashuka kila mwaka inalipa deni lake kimya kimya, na faida inayotangaza ni faida kweli. Kampuni ambayo idadi yake haishuki, au haijulikani, inatangaza faida ambayo sehemu yake ni matengenezo yaliyoahirishwa, na gawio linalotolewa leo litakatwa katika gawio la mwaka 2028 au 2029, pale ambapo makampuni yote yaliyochelewa yatakuwa yanawagombea mafundi wale wale wachache kwa wakati mmoja. Bei ya fundi katika soko la namna hiyo haihitaji mtabiri.

Dawa ya deni ni kulipa, na nafuu ya mdaiwa ni kulipa kabla wadaiwa wengine hawajajazana mlangoni. Wenye hisa wanaoingia katika mikutano ya mwaka huu bado wana nafasi ya kuuliza mapema. Wakisubiri taarifa ya mwaka mmoja iliyoahidiwa na Microsoft, watakuwa wameachiwa kulipa kwa bei ya siku hiyo.